Tupimeni Wawili Wawili

Kwa wenye dhamana ya afya ya umma katika jimbo la Minnesota na kaunti za Hennepin na Ramsey

YAH: KINGA YA VVU KWA WANANDOA NA WENZA WALIOTOKA AFRIKA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili wanaohusika waisome kabla yenu. Ninyi mna fungu la wakalimani, na kurasa hizi chache haziwezi kulimaliza.

Mimi ni nesi mkunga. Nilitumikia kliniki ya mama na mtoto mkoani Mwanza kabla ya kuja huku, na sasa nahudumia wazee zamu ya usiku hapa Brooklyn Park, kazi inayolisha nyumba nyingi za Waafrika wa eneo hili. Mchana akina mama huniletea mambo ambayo daktari wao hayasikii kamwe. Wengine ni Wakenya, Wakisii hasa, maana huku wamejaa. Wengine Wakongo na Warundi waliopitia kambini, na Watanzania wachache kama mimi. Ninachokuja nacho kwenu nimekisikia kwenye majiko yao, chai ikichemka na mlango umefungwa.

Shauri langu ni hili: huduma za kinga ya VVU mnazozigharamia zimepangwa kwa mtu mmoja mmoja, wakati wengi wetu virusi hivi vinatukuta ndani ya ndoa na uhusiano wa kudumu. Zipangeni upya zimfuate mtu pamoja na mwenzake.

Chukueni fomu anayopewa mtu anapokwenda kupima. Umewahi kujidunga dawa za kulevya? Umepokea fedha kwa ajili ya ngono? Umekuwa na wapenzi wangapi mwaka huu? Mama aliyefunga ndoa kanisani anajibu hapana, hapana, mmoja. Anayemhudumia anatabasamu na kumwambia hatari yake ni ndogo sana, na mama anaamini, kwa sababu aliyesema hivyo ana kitambulisho cha hospitali shingoni. Fomu haikumuuliza yeye na mumewe walikaa mbalimbali miaka mingapi. Haikumuuliza kama anaweza kumwomba mumewe avae kondomu na usiku huo ukapita salama. Haikuuliza kama makaratasi yake ya kuishi nchini yanategemea sahihi ya huyo mume.

Hata akikutwa na VVU, tatizo lile lile linamfuata kwenye takwimu. Kwa utaratibu wa CDC, taasisi ya serikali kuu ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwanamke huandikwa kuwa kaambukizwa kwa kulala na mwanamume pale tu inapojulikana kwamba huyo mwanamume alikuwa na VVU au alikuwa kwenye hatari kubwa ya kuwa navyo. Asiyejua habari za mumewe anaingizwa kwenye fungu la ambao chanzo chao hakikutambuliwa. Jamani! Mwanamke wa mume mmoja, na chanzo hakitambuliki. Mtu yeyote kwenye foleni ya kliniki yetu kule Mwanza angewatajia chanzo bila kumaliza kusuka mkeka wake.

Niwape haki yenu. Minnesota ni kati ya majimbo machache yanayowahesabu waliozaliwa Afrika peke yao, bila kuwachanganya na Wamarekani Weusi. Ni hesabu zenu wenyewe zinazoonyesha, mwaka hadi mwaka, kwamba sehemu yetu katika maambukizi mapya ni kubwa mno ukilinganisha na idadi yetu jimboni, kwamba wanawake ni wengi miongoni mwetu, na kwamba wazaliwa wa nje huchelewa kujulikana hadi ugonjwa umeshakomaa. Mnayajua hayo. Maambukizi yalipoongezeka Minneapolis na St. Paul kwa watu wanaojidunga, mlitangaza mlipuko Februari 2020 na mkawafuata kwenye mahema wanamoishi wasio na makazi. Vizuri kabisa. Lakini watu wa mahema walipata huduma iliyokatwa kwa kipimo cha maisha yao. Sisi tumepewa vipeperushi vyenye picha ya mama aliyevaa kitenge.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujuzi wa kuwakinga wenza mlio nao ulitoka kwetu. Kigali na Lusaka zilianza kupima na kushauri watu wawili kwa pamoja tangu miaka ya 1980 na 1990. Ushauri ule ukavuka bahari, ukafika Atlanta na Chicago, ukarekebishwa kwa ajili ya wanaume wenye wenza wanaume, na CDC ikausambaza. Sina kinyongo nao hata kidogo, walihitaji. Ila ulipovuka ukatuacha sisi nyuma. Dawa je? Utafiti uliotangazwa mwaka 2011, uliokusanya wenza 1,763 wenye majibu tofauti, yaani mmoja ana VVU na mwingine hana, kutoka nchi tisa, Kenya ikiwamo, ndio ulioonyesha kwamba mwenye VVU akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake unashuka kwa asilimia 96. Na vidonge vya kinga, PrEP, viliidhinishwa Marekani Julai 2012 kwa ushahidi ambao sehemu yake kubwa ilitoka kwa wenza zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda. Utafiti huo uliongozwa na Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle. Watu wa Thika, Kisumu, Eldoret, Kampala na Tororo walitoa damu zao mwezi baada ya mwezi, mke na mume kwenye benchi moja. Ndugu zao leo wako Brooklyn Center, na hakuna anayewaambia kwamba vidonge hivyo ni vyao pia.

Kenya yenyewe ilishtuka mapema. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 44 ya maambukizi mapya yalitokea ndani ya ndoa na uhusiano wa kudumu. Ndiyo maana wakati ule redio zote zilikuwa zinaimba habari ya mpango wa kando, na Tanzania nayo ikaja na Tuko Wangapi? Tulizana. Tulizitania sana kampeni zile, lakini zilikuwa zimegonga penyewe: zilimzungumzia mtu pamoja na watu wake.

Sasa niwapeleke kwenye jambo ambalo naamini hamjalitazama kabisa, nalo ni mume na mke kukutana tena baada ya kutengana.

Familia zetu haziji huku kwa pamoja. Mmoja hutangulia, kwa bahati nasibu ya viza, kwa masomo, au kwa kazi. Anahangaika, anapata makaratasi, anamwombea mwenzake. Maombi yanakaa miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Huku kuna baridi, upweke na zamu za usiku. Kule kuna ujana, majirani, na maneno ya watu kwamba mwenzako kakusahau. Sihukumu upande wowote. Miaka mitatu ni mingi, na mwenye kubisha ajaribu. Halafu siku inafika, watu wanakwenda uwanja wa ndege na maua na koti zito la kumvisha mgeni, na usiku ule ule wanandoa wanaingia chumbani bila yeyote kati yao kujua hali ya mwenzake, na bila yeyote kuwa na ujasiri wa kuuliza. Utaanzaje? Kuuliza ni kukiri, au ni kutuhumu. Aliyekuja juzi, anayetegemea jina la mumewe kwenye kila karatasi, atauliza nini?

Zamani viza zenyewe zilikuwa na kipimo cha VVU, na aliyekutwa navyo alizuiwa kuingia Marekani. Sheria ile ilikuwa ya kikatili na haikumkinga mtu. Iliondolewa Januari 4, 2010, na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Mpaka leo mwombaji wa viza anapimwa kifua kikuu, kaswende na kisonono, na VVU hakuna anayemlazimisha. Sawa kabisa. Kosa ni kwamba baada ya kuondoa lazima, hapakuwekwa hiari mahali pake. Mkimbizi akifika hapa anapitia uchunguzi wa afya unaoratibiwa na jimbo, na VVU vimo. Mke aliyekuja kwa viza ya familia hapitii kokote. Atakutana na kipimo siku atakapokuwa mjamzito, na hapo swali la nani alimwambukiza nani linaingia nyumbani pamoja na mtoto.

Nimeona pia kinachotokea wawili wanapojitahidi wenyewe. Niliwahi kuwapa lifti mume na mke, watu wa heshima zao, waliokuwa wamekubaliana kwenda kupima pamoja, na makubaliano hayo yalikuwa yamechukua wiki nyingi za kubembelezana. Kliniki siitaji. Mapokezi wakawapa vibao viwili vya kujazia fomu. Wakaitwa mmoja mmoja, vyumba viwili, kila mmoja na mkalimani wake wa kwenye simu. Mume akasema, "Tumekuja pamoja." Akajibiwa kwa adabu zote kwamba sheria ya usiri hairuhusu. Majibu yangetumwa kwenye simu ya kila mtu, kwa Kiingereza. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno. Mama alikuwa ameshikilia pochi yake mapajani kama mtu aliyepanda daladala la Buguruni. Sijui majibu yao mpaka leo, wala sijauliza, na sidhani kama wao wameulizana.

Usiri unaozungumziwa ni mali ya mgonjwa. Wagonjwa wawili wakiamua kwa hiari yao kuufungua mbele ya mshauri mmoja, hakuna sheria ya nchi hii inayowakataza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima wenza pamoja mwaka 2012, na kazi yenyewe si ngumu. Kwanza mshauri anazungumza na kila mmoja peke yake, dakika chache, ahakikishe hakuna aliyeburutwa na hakuna anayepigwa nyumbani. Palipo na ngumi hapapimwi pamoja. Kisha wanakaa wote, wanakubaliana kwamba majibu yatapokelewa na wote wawili na hayatatoka nje bila ruhusa ya wote wawili. Mazungumzo hayachimbi ya nyuma, nani alilala wapi mwaka gani, yanapanga ya mbele. Damu inatoka kidoleni, majibu yanakuja wakiwa bado wamekaa. Wakiwa wote hawana, wanapanga watabakije hivyo. Wakiwa wote wanavyo, wanaanza dawa pamoja, na kukumbushana dozi kunakuwa kazi ya nyumba.

Majibu yakiwa tofauti ndipo mshauri anapolipwa haki yake. Watu wetu wengi bado wanaamini kwamba wenza wakilala kitanda kimoja miaka kumi, kipimo cha mmoja ni kipimo cha mwingine. Wapo wanaume kibao wanaojihesabu salama kwa sababu mke alipimwa kliniki akakutwa hana. Hapo ndipo panahitaji mtu wa kueleza, taratibu, kwamba mwenye VVU anayemeza dawa hadi virusi vikafubaa na visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na kwamba asiye navyo ana vidonge vyake vya kujikinga wakati wakisubiri hali hiyo. Nimeona ndoa zikivunjika kwa kukosa hizo sentensi mbili. Kwenye uvumi wa mtaani mtu bado "amekanyaga miwaya" na habari yake imekwisha.

Nikirudi kwenu na fedha zenu. Mpango wa Ryan White, mfuko wa serikali kuu wa kuwahudumia wenye VVU uliotungiwa sheria mwaka 1990, umewaokoa watu wetu wengi, kwa sababu unamhudumia asiye na bima na hauulizi hati zake za uhamiaji. Lakini fedha zake ni za mwenye VVU. Haziruhusiwi kununua vidonge vya kinga kwa mwenzake asiye navyo. Na nyumba zetu zimechanganyika: mume ana bima ya kazini, mke hana, mmoja ana hati, mwingine bado. MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ilifunguliwa kwa watu wazima wasio na hati Januari 2025, na kabla watu hawajamaliza kujiandikisha ikafungwa tena mwisho wa mwaka ule ule. Basi pigeni picha ya chumba kimoja: upande huu wa kitanda dawa zinalipiwa zote, upande wa pili hakuna hata kidonge. Vidonge vya kinga vya kawaida, visivyo na jina la kampuni, bei yake imeshuka sana tangu 2021. Kwa wenza wenye majibu tofauti wasio na bima, jimbo linaweza kuvilipia kwa fedha zake lenyewe. Bajeti nzima ya jimbo haitatikisika.

Na wenye bima nao wana lao. Kila huduma ikitolewa, kampuni ya bima hutuma nyumbani bahasha yenye maelezo ya kilicholipwa, na bahasha huja kwa jina la mwenye bima, mara nyingi mume. Mke aliyekwenda kimya kimya kuomba vidonge vya kinga, kwa sababu hana njia ya kumbadilisha mumewe, anaumbuliwa na sanduku la barua. Anayo haki ya kuomba bahasha zitumwe kwingine. Nani amewahi kumwambia? Lifanyeni liwe sharti kwa kila kliniki mnayoifadhili: swali la bahasha liulizwe kabla ya sindano.

Kuhusu wapi na saa ngapi, nitakuwa mfupi. Anayetoka zamu saa moja asubuhi na mwenzake anayeingia zamu saa tisa alasiri hawawezi kufika pamoja kwenye kliniki inayofungwa saa kumi na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Wekeni Jumamosi. Wekeni jioni moja.

Mnapotafuta mahali pa kuwapata wenza wakiwa wametulia, msikimbilie tu sherehe za bendera na ngoma za kienyeji. Sisi tuna taratibu zetu za kuingiza watu kwenye ndoa, na tumezibeba hadi huku. Watanzania wana vikao vya harusi vya miezi, wana kicheni pati, ambako kungwi anamkalisha bibi harusi mbele ya wanawake wazima na kumfundisha mambo ya chumbani kwa lugha ambayo ninyi hamtathubutu kuichapisha. Hapo hapo ndipo pa kusema habari ya kupima, ya kondomu, ya vidonge. Nimesema mwenyewe kwenye kumbi za hapa, katikati ya sufuria za zawadi, na hakuna aliyetoka nje. Walikaa wakauliza maswali mpaka mwenye ukumbi akaanza kuzima taa. Mfundisheni kungwi, mumlipe kama mnavyomlipa mtaalamu, kwa sababu ni mtaalamu. Wanaume nao wana vyama vyao, wana vijiwe vya mpira, wana vinyozi. Tafuteni mwanaume mwenzao aende, mimi huko sina sauti.

Makanisa na misikiti muwaendee kwa adabu na kwa tahadhari. Wapo wachungaji wanaotaka cheti cha kupima kabla ya kufungisha ndoa, desturi waliyotoka nayo nyumbani. Kuhimiza wachumba wapime ni jambo jema. Majibu kupitia mezani kwa mchungaji ni jambo baya, na nimejua uchumba uliotangazwa kuvunjika kwa namna ambayo kila muumini alielewa sababu. Mkifadhili kanisa, andikeni kwenye mkataba: majibu ni ya wawili hao tu.

Tahadhari hiyo hiyo naitoa kwa kumbukumbu ya kazi yangu. Nyumbani tuliwapa kipaumbele akina mama waliokuja kliniki na waume zao, tukidhani tunawavuta wanaume. Matokeo yake, kwenye vituo vingine, mama asiye na mume au aliyeachwa aliambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mwenza. Aibu ile iliwarudisha wengine nyumbani bila huduma. Kwa hiyo huduma ya wenza iwe mlango wa ziada. Anayekuja peke yake asiulizwe mwenzake yuko wapi. Mwenye wake wawili akija nao wote, msimfukuze kwa sababu fomu ina nafasi mbili. Wapo, na wanaishi kati yetu, hata kama kwenye karatasi zenu hawaandikwi.

Na kabla hamjaniambia kwamba tayari mnao watumishi wanaowatafuta wenza wa waliokutwa na VVU, najua mnao. Kazi yao ni muhimu. Lakini simu ya namba isiyojulikana, au mgeni anayebisha hodi akiuliza jina kamili, siku hizi inawafanya watu wetu wazime taa na kunyamazisha watoto. Wanafikiri ni uhamiaji. Aliyekutwa na VVU apewe nafasi ya kumleta mwenzake mwenyewe, akisindikizwa na mshauri anayejua lugha yao, kabla simu hiyo haijapigwa. Kliniki za nyumbani zinafanya hivyo kila siku.

Ninachoomba kwa mwaka ujao wa fedha kinabebeka. Washauri wa Kiswahili, Kisomali, Kiamhari na lugha nyingine za kwetu waliofunzwa kupima wenza pamoja, angalau kliniki moja kila kaunti kati ya hizo mbili. Mwaliko wa hiari kwa kila aliyeungana na mwenzake kwa viza ya familia, ukimfikia mapema. Fedha za jimbo kwa vidonge vya mwenza asiye na bima. Na kwenye ripoti yenu ya kila mwaka, safu moja mpya inayoonyesha ni wangapi walipimwa wakiwa na wenza wao, ili mwakani tusibishane kwa hisia.

Wanawake wenzangu kadhaa wako tayari kukaa nanyi mezani, na waume wawili wamekubali kuja, jambo ambalo kwa wanaotufahamu si dogo. Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana inatufaa, tukishalala kidogo. Majibu yenu naomba yawe kwa maandishi.

Wenu katika kazi,

Nesi mkunga na mhudumu wa wazee,
Brooklyn Park, Minnesota